Moyo umebaki mkuyuni: namna ya kuipeleka ngano kwenye kanga, kitabu na sauti

Ngano niliyoifanyia kazi kwa muda mrefu kuliko zote ni ya kima na papa. Kima anakaa juu ya mkuyu ambao matawi yake nusu yako nchi kavu na nusu yametanda juu ya bahari. Kila siku anamrushia papa makuyu, mpaka wanakuwa marafiki. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na wanapofika katikati ya maji anamwambia ukweli: sultani wao anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anatulia. Mbona hukuniambia mapema? Sisi tukisafiri, mioyo yetu tunaiacha mtini. Wanarudi. Kima anapanda juu, anakaa kimya. Papa anaita, hajibiwi, anaita tena. Ndipo kima anapomsimulia habari za punda wa dobi, aliyeponyoka mikononi mwa simba mara ya kwanza, kisha akabembelezwa na sungura akarudi mara ya pili, akauawa. Sungura akala moyo na masikio. Simba alipouliza viko wapi, akajibiwa kwamba punda yule hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi.

Mimi ni mchoraji. Kazi zangu ni kanga, vitabu vya watoto na mara chache michoro ya jukwaani. Ngano hii nilisimuliwa na bibi mzaa mama, na nilipoanza kuichora nilikuwa na hakika naijua. Nikamchora kima mgongoni kwa papa, moyo mwekundu kifuani, mawimbi chini, mkuyu kwa mbali. Nikampelekea bibi karatasi. Aliitazama kwa muda, akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu kima moyo ameubeba?"

Nikamjibu, ndiyo bibi, si uko kifuani mwake.

"Basi ushamuua," akasema, akanirudishia karatasi.

Kila ninachowaeleza hapa kimetokana na jibu lile.

Isikie kabla hujaichora

Wengi tunaanzia kitabuni au kwenye intaneti. Tunaokota muhtasari wa aya mbili, tunakimbilia kalamu. Muhtasari unakupa matukio tu. Haukuonyeshi msimulizi alipunguza sauti wapi, aliwaacha wasikilizaji wapi kwa makusudi, wala ni sentensi gani aliirudia mara tatu. Na huko ndiko ngano iliko.

Kwa hiyo mtafute mtu anayeisimulia. Ukishaamkia na kukaa, eleza unataka kufanya nini na hiyo hadithi, na omba ruhusa ya kurekodi kabla hujatoa simu. Ukikataliwa, sikiliza tu, simu ibaki mfukoni. Weka simu karibu na msimulizi lakini si mbele ya uso wake. Hakikisha kuna mtu mwingine wa kusikiliza, hasa watoto, kwa sababu ngano husimuliwa watu, na msimulizi akipiga "Paukwa!" lazima apatikane wa kuitika "Pakawa!" Usimkatishe kwa maswali. Akimaliza, usiulize "maana yake nini". Uliza nani alimsimulia yeye, na kama amewahi kuisikia ikisimuliwa tofauti.

Kisha iandike yote, neno kwa neno, pamoja na "basi", "ee bwana wee", vicheko, na kimya. Mimi kimya nakiandika kwa mstari wa kulala, mrefu kadiri kilivyokuwa. Katika rekodi ya bibi, mstari mrefu kuliko yote haupo pale papa anaposema anataka moyo. Upo baada ya kima kupanda mtini. Papa anaita, na bibi ananyamaza. Anaita tena, bibi bado kimya. Watoto waliokuwapo walianza kucheka kwa woga. Nisingelijua hilo kwa kusoma.

Tafuta na masimulizi mengine mawili matatu ya ngano hiyohiyo. Kwa ngano za Unguja kuna mkusanyiko wa Edward Steere uliochapwa London mwaka 1870, na hadithi ya punda wa dobi imo. Ni msaada mkubwa, lakini yachukulie kama masimulizi ya mtu mmoja siku moja, usiyafanye ndiyo asili yenyewe.

Tafuta mfupa

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa kazi nyingi ninazoziona zimeharibika hapa.

Kila ngano ina mfupa: jambo moja ambalo ukiliondoa, hadithi haipo tena, hata kama wanyama wote wamebaki. Vingine vyote ni nyama na nguo, vinaweza kubadilishwa. Njia yangu ya kuupata ni hii. Ninaisimulia ngano kwa mdomo, bila karatasi wala picha, kwa watu wapatao watano ambao hawaijui. Baada ya wiki moja naenda kwa kila mmoja na kumwomba anisimulie yeye. Wanasahau mengi. Wanamgeuza papa kuwa mamba, sultani wanamwita mfalme au mke wa papa, na mkuyu unakuwa mwembe. Lakini hakuna hata mmoja aliyesahau kwamba moyo uliachwa mtini, na karibu wote walikumbuka kwamba papa aliita na hakujibiwa. Kilichobaki kwa wote watano ndicho mfupa.

Nilipokuja kujua ngano hii ilikotoka, nilifurahi sana, maana safari yake inaonyesha jambo hilohilo kwa karne nyingi. Katika Panchatantra, mkusanyiko wa kale wa ngano za India, rafiki wa kima ni mamba, na mti ni mzambarau. Katika Kalila wa Dimna, kitabu cha ngano hizo alichokitafsiri Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu katika karne ya 8, mamba amekuwa kobe na mzambarau umekuwa mti wa tini, na anayeutaka moyo ni mke wa kobe aliyejifanya mgonjwa kwa wivu. Ilipofika kwetu pwani, kobe akawa papa, mti wa tini ukawa mkuyu, mke akawa sultani, na mbweha aliyemdanganya punda akawa sungura wetu. Dobi ndiye aliyevuka bahari bila kubadilishwa. Hata neno lenyewe limetoka India. Waliosimulia kabla yetu walibadilisha kila kitu walichohitaji kubadilisha, bila woga. Moyo mtini hawakuugusa.

Sasa rudi kwenye mchoro wangu wa kwanza. Moyo kifuani ni kweli, ndiko uliko. Lakini ngano nzima inasimama juu ya uongo mmoja, kwamba moyo uko mtini, na kima anaishi kwa sababu papa anauamini uongo huo. Nilipouchora moyo kifuani nilimpa mtazamaji jibu ambalo papa hakuwa nalo, na hapo uongo ukakosa nguvu. Ndiyo maana bibi alisema nimemuua.

Mfano mwingine wa mfupa unaopuuzwa ni Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani. Karibu kila mtu anayemchora humchora amesimama, kifua mbele, mrefu kuliko nyumba. Lakini katika utenzi alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, picha yenye nguvu ni ile ya mwisho. Liyongo amechomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, anakwenda kisimani, anapiga goti, anatia mshale kwenye upinde, na anakufa katika hali hiyo. Watu wanamwona kwa mbali na hawathubutu kuteka maji, siku baada ya siku, wakidhani yu hai. Mji mzima una kiu kwa kumwogopa maiti. Ukichora goti lile, upinde ule uliovutwa, na mitungi mitupu iliyopangwa mbali, hujamchora Liyongo tu, umechora na hofu ya wale waliomtaka afe.

Kanga

Tuingie kwenye kitambaa chenyewe. Kanga ina pindo, yaani ukingo unaoizunguka, ina mji, yaani uwanja wa katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Ukubwa wake ni kama sentimita 150 kwa 110, na huuzwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana. Huvaliwa, hufungwa, hukunjwa, hubebewa mtoto, kwa hiyo usiichore kama picha ya ukutani. Chora kwanza kwa ukubwa wake kamili kwenye shuka kuukuu, mfunge mtu, halafu simama hatua kumi nyuma yake. Utaona ni nini kinachoonekana na nini kimemezwa na mkunjo.

Mimi niliuweka mkuyu katikati ya mji, na hapo nikakutana na kosa la pili. Nilikuwa nimeyachora makuyu yakining'inia kwenye ncha za vitawi, kama maembe. Fundi wa kuchapa ndiye aliyenishtua. Mkuyu huzaa kwenye shina na kwenye matawi manene, vishada kwa vishada, na makuyu yakiiva hugeuka rangi kuelekea wekundu. Nilikwenda kuutazama mti wenyewe, nikakaa chini yake asubuhi nzima. Nendeni mkatazame. Ngano zetu zilisimuliwa na watu waliokuwa wakiijua miti na wanyama wao, na wasikilizaji wa zamani wangekucheka. Papa naye mchoreni vizuri: mkia wake umesimama wima na huupeleka kushoto na kulia, si wa kulala kama wa pomboo. Kima akikaa mgongoni mwake, basi pezi ndilo la kushika.

Lakini kosa lile lilinipa jibu la moyo. Vishada vimejaa shinani, vyekundu, vya duara. Nikachora baadhi yake kwa umbo la moyo, ukubwa uleule, rangi ileile, vimechanganyika na makuyu ya kweli. Ukitazama kwa mbali unaona matunda. Ukikaribia, unaanza kutilia shaka: kumbe kima alisema kweli? Na mtazamaji anajikuta mahali pa papa, anaangalia juu mtini akitafuta moyo.

Pindo nililifanya safari. Linazunguka pande zote nne, kwa hiyo lina mwendo wa kujitosheleza. Upande mrefu mmoja papa anakwenda na kima mgongoni. Upande mfupi wanasimama, na hapo ndipo ukweli unaposemwa. Upande mrefu wa pili wanarudi, bado kima yuko mgongoni. Upande mfupi wa mwisho papa yuko peke yake, mdomo wazi, anaita. Pindo la kawaida hujirudia na kulingana pande zote, ndiyo maana fundi alisita, na alikuwa na haki ya kusita. Tukapatana kwamba mapovu na mawimbi yalingane kila upande, wanyama peke yao wabadilike.

Rangi weka mbili, au tatu zikizidi. Katika uchapaji wa skrini kila rangi inataka skrini yake, na kila skrini ni nafasi mpya ya mchoro kuhama. Zaidi ya hayo, uhaba wa rangi unakulazimisha kuamua. Wekundu ulikuwa mmoja, ukaenda kwenye makuyu na mioyo, papa akabaki na buluu nzito.

Jina ndilo gumu kuliko yote. Jina la kanga haliielezi picha. Linasimama peke yake, na mwanamke anayenunua anajiuliza atakapolivaa nani atajiona ametajwa. Niliandika majina mengi yaliyokuwa yakifupisha hadithi, yote yakafa mdomoni. Mwishowe nikachukua jambo analomaliza nalo kima: MIMI SI PUNDA WA DOBI. Asiyeijua ngano anasoma kijembe safi. Anayeijua anaisikia sauti kutoka juu ya mti. Ukipata jina la namna hiyo, lenye mlango wa mgeni na mlango wa mwenyeji, usiendelee kutafuta.

Kitabu na sauti

Kitabu cha picha kina faida ambayo kanga haina: ukurasa hufunuliwa. Vitabu vya watoto huwa aghalabu na kurasa 32, kwa sababu ya namna karatasi inavyokunjwa mtamboni, na ukitoa kurasa za mwanzo unabaki na mifunuo kama kumi na mitatu, yaani kurasa mbili mbili zinazoonekana pamoja. Chukua ile rekodi uliyoiandika, tafuta mistari yako ya kimya, na kila kimya kirefu kiweke kwenye kufunua. Swali liishie chini ya ukurasa wa kulia. Jibu liwe upande wa pili. Kwa kima na papa nilitoa mfunuo mzima bila neno hata moja: maji, shina la mkuyu, na kichwa cha papa kimeinuliwa. Mhariri mmoja alitaka nijaze maelezo pale. Nilikataa, na ningekataa tena. Pale ndipo bibi alipokuwa amenyamaza.

Nyimbo zilizomo ndani ya ngano usizitafsiri wala kuzinyoosha ziwe Kiswahili cha darasani. Kama bibi anaimba kwa lahaja yake, iache, hata pale ambapo maana imefifia. Vivyo hivyo na sauti za vitu. Kuyu linapoanguka majini ni "chubwi!", na neno hilo moja linafanya kazi ya sentensi nzima.

Kwa wanaofanya katuni na michezo ya redio, narudi kwa Liyongo tena, maana utenzi wake una kipande ambacho ni cha masikio kabisa. Yuko kifungoni, amefungwa minyororo. Chakula kizuri anachopelekewa walinzi wanakila wao. Ndipo mama yake anapotia tupa ndani ya mkate wa wishwa, yaani wa pumba, kwa kuwa anajua walinzi wataudharau na kumtupia mfungwa. Akishaipata, Liyongo anaomba lichezwe gungu, ngoma ya zamani ya pwani, na kelele za ngoma na matoazi zinafunika sauti ya tupa ikikata chuma. Fikiria namna ya kulifanya hilo: wimbo juu, na chini yake, kwa mapigo yaleyale, mkwaruzo. Msikilizaji auzoee mkwaruzo mpaka aone ni sehemu ya muziki. Halafu ngoma inyamaze ghafla, na mnyororo uanguke.

Ukitaka kuileta ngano mjini

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama inaruhusiwa kumpa kima simu na papa gari. Inaruhusiwa, lakini simu peke yake haifanyi ngano iwe ya leo. Jiulize mfupa uko wapi katika maisha ya sasa, kisha uvike nguo za huko. Nilipoombwa kusaidia kikundi cha maigizo cha vijana, tuliwatoa wanyama wote. Kima akawa msichana anayepelekwa mjini na rafiki wa familia kwa ahadi ya kazi. Njiani, basi likiwa limeshaondoka mbali, anaambiwa kazi yenyewe ni ipi. Anatulia. Anasema, mbona hukuniambia, cheti changu nimekiacha kwa mama. Wanashuka, wanarudi. Anaingia ndani, anafunga mlango. Mwanamume anabisha. Kimya. Anabisha tena. Wazee waliokuwa ukumbini walianza kunong'onezana "punda wa dobi, punda wa dobi" kabla hatujafika mwisho, na hakuna aliyekuwa amewaambia tumeanzia wapi.

Mtindo wa kuchora nao usiuazime ovyo. Watu wengi wakisikia "hadithi ya Kiafrika" hukimbilia mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, nukta na rangi ya mafuta, hata kama hadithi haiuhitaji. Ukitaka kujifunza, mtazame George Lilanga, aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005. Alianza na uchongaji wa Kimakonde, kisha akawahamisha mashetani, viumbe wa ajabu wanaochongwa kwa mpingo, wakaingia kwenye rangi, na walipofika huko wakabadilika: matumbo, masikio makubwa, wamesongamana, wanacheza. Aliwajua kwa mikono kwanza. Ndiyo maana rangi haikuwaua.

Ruhusa, na jina la mwenyewe

Si kila kitu ni cha kuchukua. Nyimbo na mafunzo ya unyago na jando vina watu wake na mahali pake, na ukiambiwa "hii haitoki nje", basi haitoki, hata kama ni nzuri kupita zote ulizosikia. Kwa vinavyotoka, sheria zipo. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa asilia na sanaa za jadi za jamii, inayotaka ridhaa ya jamii husika, na nchi kadhaa za Afrika zina Itifaki ya Swakopmund ya 2010 inayohusu mambo hayohayo. Maandishi ya Steere ni ya zamani, unaweza kuyatumia. Lakini mkusanyaji wa karibuni ana haki juu ya maneno aliyoyaandika, hata kama ngano yenyewe si yake, kwa hiyo usinakili sentensi zake.

Na msimulizi wako mpatane kabla kazi haijauzwa. Atalipwa nini, mara moja au kila ikichapwa upya? Jina lake liandikwe wapi na kwa namna gani? Andikeni, msainiane, kila mmoja abaki na nakala. Rekodi ihifadhi mahali pawili tofauti, pamoja na jina lake, mahali, tarehe na ruhusa aliyoitoa, na nakala moja iende kwa familia yake.

Bibi nilipomwuliza jina lake niliandike vipi kwenye ukingo wa kanga, alikataa. Akasema ngano ile alipewa na somo wake, na akanitajia jina ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Ndilo lililochapwa. La bibi liko kwenye karatasi ya makubaliano, na malipo ni yake.